Jamani, Leo Kipindi Kipo?

Chuo chetu cha jioni kina vyumba vichache na viti vichache zaidi, lakini magrupu ya WhatsApp tunayo ya kutosha kugawia vyuo jirani. Lipo grupu la darasa ambalo walimu wamo. Lipo grupu la darasa ambalo walimu hawamo, kwa sababu kwenye lile la kwanza hakuna anayethubutu kucheka. Lipo la tatu ambalo walimu hawamo na CR, yaani mwakilishi wa darasa, naye hayumo, maalumu kwa kumjadili CR. Halafu kila somo lina la kwake, kila kazi ya kikundi ina la kwake, na kila anayekaribia kufunga ndoa hufungua la kwake na kutuingiza sote bila hodi, tukajikuta tumeshapangiwa kima cha chini cha mchango na namba ya mweka hazina.

Pamoja na utajiri wote huo, kuna swali moja ambalo halijawahi kupata jibu katika grupu hata moja. Swali lenyewe ni hili: "Jamani, leo kipindi kipo?"

Nijitambulishe kwanza ili manung'uniko yangu yaeleweke. Mimi ni mtumishi wa masjala hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ni kupokea barua, kuigonga muhuri, kuiandika kwenye rejista, kuipa namba ya folio na kuiweka kwenye jalada lake, ili mkubwa akiitaka miaka sita baadaye aipate kabla chai yake haijapoa. Watoto walipokua nikasema na mimi nirudi shule nitafute stashahada. Kozi yenyewe, tafadhali msicheke, ni utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka.

Yaani tunakaa darasani, watu wazima na vijana, tunafundishwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Namba 3 ya mwaka 2002. Tunafundishwa kwamba kumbukumbu isiyopatikana inapohitajika haina tofauti na ile ambayo haikuandikwa kabisa. Tunaandika, tunapigia mstari. Kisha tunatoka nje, na katika darasa zima hakuna hata mmoja anayeweza kuonyesha lilipo tangazo la jaribio la Jumanne.

Pale Upanga, kwenye Nyaraka za Taifa, kuna majalada ya utawala wa Wajerumani ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Afisa wa Kijerumani aliyeandika barua zaidi ya miaka mia moja iliyopita alikwishakufa, dola yake ilikwishakufa, lakini barua yake ina namba na ina mahali pa kukaa. CR wetu yuko hai, ana afya njema, aliandika juzi tu kwamba chumba kimebadilika, na ujumbe wake haupatikani. Umefukiwa chini ya stika za paka anayelia.

Niwaeleze tangazo linavyouawa. CR wetu ni kijana mpole, umri wa kitinda mimba wangu. Huniita mama, na shikamoo yake haijawahi kunipita. Mchana anaandika: "Wapendwa, kipindi cha leo kitakuwa chumba namba 4, saa 11 jioni." Ujumbe mzuri, mfupi, hauna kasoro. Shida inaanza pale watu wanapotaka kuonyesha kwamba wana adabu.

"Sawa."

"Sawa kiongozi."

"Pamoja sana kiongozi wetu."

"Chumba gani?"

"Soma juu."

"Juu wapi?"

"Juu kidogo, kabla ya kiongozi wetu."

"Kwani leo kuna kipindi?"

Hapo anaingia dada mmoja mfanyabiashara na picha za vitenge vipya, bei ya wanachuo, popote ulipo unaletewa. Anafuata mtu wa dini na dua ndefu ambayo WhatsApp yenyewe imeiandika juu kwamba imesambazwa mara nyingi, na mwishoni dua yenyewe inaonya kwamba usipoituma kwa watu kumi baraka zitakupita. Hakuna anayetaka baraka zimpite. Zinapangwa amina toka hapa mpaka Kibaha. Saa kumi na nusu mimi niko kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine unapekua simu kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Nikifika kwenye amina ya mwisho, bando linaisha.

Na hata ukiliona tangazo, usidhani umelielewa. Sisi saa zetu tunazihesabu tangu jua linapochomoza, simu inazihesabu tangu usiku wa manane, na walimu wengine wamekaa katikati, siku mojamoja wanaegemea huku, siku mojamoja kule. Ijumaa moja mwalimu alituandikia hivi: "Test kesho 11:00." Hakuongeza kitu. Na aliituma usiku sana, dakika chache kabla ya saa sita, kwa hiyo waliolala mapema waliisoma Jumamosi alfajiri wakahesabu kesho yao ni Jumapili, wakarudi kulala kwa amani.

Tuliokuwa macho tukaanza mjadala. Kambi moja ikasema hiyo ni saa kumi na moja jioni, maana ndiyo saa ya vipindi vyetu vyote. Kambi nyingine ikasema nukta mbili na sifuri mbili ni saa za Kizungu, kwa hiyo ni saa tano asubuhi. Likaletwa wazo la kumpigia mwalimu simu, likakataliwa kwa sababu ni usiku na yeye ni mtu mzima. Mwisho kijana mmoja mpenda demokrasia akaanzisha kura, maana tangu mwaka 2022 WhatsApp imetuletea na hilo. Watu wakapiga. Saa kumi na moja jioni ikashinda kwa kishindo.

Mwalimu hakupiga kura. Jaribio lilifanyika saa tano asubuhi.

Sasa nije kwa watu wa voisi. Kuna wenzetu ambao vidole vyao, kwa sababu wanazozijua wenyewe, haviandiki. Wao husema tu. Voisi ya dakika saba, mwenyewe yuko kwenye bodaboda, unasikia upepo, unasikia honi, unasikia akimwambia dereva apite njia ya ndani kukwepa foleni, na kwenye dakika ya sita ndipo anapofika kwenye jambo: "Ee, nilikuwa naulizia tu kama kuna mwenye zile slaidi." Mwaka 2021 WhatsApp walituonea huruma wakaweka kitufe cha kuharakisha sauti mara mbili. Nimekijaribu. Mtu ambaye kila neno analitanguliza na "eee" ukimharakisha hafiki upesi. Unapata tu "eee" nyingi zaidi kwa dakika.

Mambo ya msiba ndiyo yanayonipandisha presha. Mwenzetu akifiwa, taarifa inaletwa grupuni, na sisi ni watu tuliolelewa, tunaandika pole. Lakini grupu halina mlango wa kukuambia huku ndani kuna kilio, vua viatu. Pole tatu zinapita, anatokea mtu ambaye sasa hivi ndio amepata mtandao na anajibu kichekesho cha asubuhi: emoji sita, zote zinacheka mpaka machozi. Pole nyingine mbili, kisha "Hongera sana, Mungu akukuzie," iliyokuwa ya dada aliyejifungua juzi. Mwenyewe anashtuka, anafuta. Tangu mwaka 2017 unaweza kuufuta ujumbe wako kwa wote, lakini panabaki alama kwamba hapa palikuwa na kitu kimefutwa. Basi kilio kinasimama, watu wanne wanauliza: "Umefuta nini?"

Na hao wote wanaoongea hivyo, njoo uwaone darasani. Mwalimu anamaliza kufundisha muda wa kuhifadhi majalada na utaratibu wa kuyateketeza, anauliza: "Kuna swali?" Kimya. Anauliza tena, anamtazama mmoja mmoja. Watu wanachunguza kucha zao. Anashukuru, anaaga, anaondoka akiamini amefundisha. Saa tano usiku simu inatetemeka: "Jamani, kuna aliyeelewa?" Hakuna. Hapo ndipo maswali yanapofumuka, maswali mazuri, yenye akili, na anayeyajibu ni kijana ambaye siku hiyo hakuja kabisa.

Kazi ya kikundi nayo ina ugonjwa wake. Wakati sisi tunasoma sekondari, kazi ya kikundi ilimaanisha watu kukaa pamoja, na aliyetegea alionekana kwa macho. Siku hizi kikundi ni grupu, na mtegaji ana pa kujificha. Mwanzoni wote wapo: "Tugawane sehemu." Zinagawanywa. Kisha kunakuwa kimya cha wiki nzima. Ukiuliza, tiki zinageuka bluu (tangu Novemba 2014 WhatsApp imekuwa ikituonyesha nani amesoma akanyamaza) lakini mkono hauinuliwi. Siku moja kabla ya kukusanya mtu anaandika kwamba simu yake iliharibika, ndio kwanza imetoka kwa fundi. Stetasi yake ya Jumapili yuko Coco Beach, anakula mihogo, picha kumi na moja, zote zimepigwa na simu hiyo mgonjwa. Kazi ikishakamilika anarudi na ombi moja lenye heshima zote: "Mama, naomba mniwekee jina na namba ya usajili."

Namwekea. Nifanyeje? Ni mtoto wa mwenzangu.

Kuna siku, hata hivyo, grupu hunyooka. Akitokea mtu akagusa siasa, admini haulizi mara mbili. Anabandika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, PDF nzima, kisha anafunga grupu ili viongozi pekee ndio waandike. Ile PDF ndiyo waraka pekee katika darasa la utunzaji wa nyaraka ambao haujawahi kupotea. Ukiutaka usiku wa manane utaletewa na watu watatu. Na katika siku hizo za kufungiwa, matangazo yanaonekana, yamepangana, yana tarehe. Mimi hulala vizuri. Lakini wenzangu wanamwandama CR faraghani: fungua bwana, tuna dharura. Anafungua. Dharura ni mechi ya Simba na Yanga.

Hayo yote ningeyavumilia. Mtu aliyezoea ofisi ya umma anajua kuvumilia. Lisilovumilika ni hili nitakalolisema sasa.

Darasani kwetu kuna mzee mmoja, mlinzi wa usiku. Anatoka kwenye kipindi anakwenda lindoni, asubuhi analala kidogo, jioni yuko kiti cha mbele. Madaftari yake ukiyaona utadhani yamechapwa. Simu yake ni kiswaswadu: inapiga, inapokea, ina tochi, na chaji inakaa siku nne. WhatsApp haina. Usiku ule wa kuamkia Jumamosi ya jaribio, wakati sisi tunapiga kura, yeye alikuwa lindoni hajui kwamba kuna jaribio, sembuse kwamba kuna mjadala. Aliposikia habari Jumatatu akaenda ofisini kuuliza. Akajibiwa: "Mzee, taarifa ilitolewa kwenye grupu."

Nikajiuliza, tangu lini? Nimeisoma fomu ya kujiunga mwanzo hadi mwisho. Imetaja ada, imetaja picha za pasipoti, cheti cha kuzaliwa, rimu ya karatasi. Haikutaja simu janja. Haikutaja kwamba ili kujua mtihani unafanyika wapi, nitanunua bando kila siku kwa fedha yangu. Ubao wa matangazo ulikuwa wa chuo: karatasi ya chuo, wino wa chuo, pini za chuo. Mwanafunzi alikuja na macho tu. Sasa ofisi imehamia mfukoni mwetu na gharama tunazilipa sisi, wala hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo.

Ubao wenyewe bado upo, koridoni, ndani ya kabati la kioo lenye kufuli. Tangazo lililomo limepauka mpaka halisomeki, na ufunguo inasemekana yuko nao mtu aliyehamia Dodoma.

Na bando si jambo dogo. Aprili 2, 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika, wananchi walipiga kelele kubwa mpaka serikali ikazisimamisha upesi. Ile haikuwa kelele ya watu wanaotaka kutazama video za vichekesho peke yao. Ilikuwa na mama lishe anayepokea oda, na dereva anayetafuta abiria, na mwanafunzi anayetaka kujua kama kipindi kipo.

Kisha ikaja siku ambayo hata bando halikusaidia. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikalegea nchi nzima. Jumatatu yake simu zilikuwa mapambo. Nilikwenda chuoni nikitegemea kukuta uwanja mtupu. Nikakuta watu wamefika mapema, wanaulizana mdomo kwa mdomo, wanashikana mikono, wengine ndio kwanza wanajua sura za watu waliokuwa wakigombana nao usiku. "Kumbe wewe ndiye Mtoto wa Geti Kali?" "Ndiye mimi, dada." Ilipotimu saa 11 chumba kilikuwa kimejaa hivi kwamba mwalimu alisita mlangoni, akatazama namba ya chumba, akatutazama sisi.

Na unajua nani alituelekeza chumba? Mzee wa kiswaswadu. Alikuwa amepita ofisini, akauliza, akajibiwa, akaandika kwenye daftari.

Sipigi vita simu. Grupu limewahi kunitumia madesa nilipouguliwa na mjukuu, na limemchangia mwenzetu ada ilipokwama. Nikishukuru nashukuru. Ninachokataa ni ofisi kuligeuza grupu kuwa masjala yake wakati halina rejista, halina muhuri, na mtu yeyote anaweza kuingia na vitenge.

Kwa hiyo naomba, na ninaomba kwa utaratibu. Walimu wetu waheshimiwa: tangazo liwe na siku, tarehe, chumba na saa, na saa iandikwe kwa maneno pamoja na asubuhi au jioni yake. CR mwanangu: grupu la matangazo lifungwe, waandike viongozi tu, na soga ziwe na grupu lao, huko mchekeane mpaka kuche. Wanafunzi wenzangu: "sawa" moja inatosha darasa zima, na swali la saa tano usiku liulizwe saa 12 jioni mwenye jibu akiwa amesimama mbele yenu. Ofisi nayo ikate kufuli, ibandike karatasi. Kama pini ndizo tatizo, mimi nitaleta boksi kutoka nyumbani.

Na yule mzee apewe jaribio lake. Apewe kwa tangazo la karatasi, lenye tarehe na saa, alisome kwa macho yake bila kununua bando.